Chumvi Kwenye Sanduku la Chanjo

Nyie vijana mnaoanza kazi ya chanjo mwaka huu, kaeni nikusimulieni jambo moja kabla hamjaanza kujisifu. Miye nimestaafu, mjukuu wangu kalala chumbani, na chai yangu ya tangawizi hii hapa. Sina haraka. Wenye haraka ni nyie, nawajua, kila dakika simu mkononi. Hebu ziwekeni chini kidogo.

Jina langu Zuwena. Lakini ukifika Micheweni ukauliza nyumba ya Bi Zuwena muuguzi, watu watatizamana. Uliza nyumba ya Bi Chumvi, hata mtoto mdogo atakupeleka mpaka mlangoni. Jina hilo nimelipata kazini. Mwanzo nikiitwa hivyo nilikuwa nanuna siku nzima. Siku hizi naitika, na mwenyewe nikipiga simu nasema, "Bi Chumvi hapa."

Nilianza kazi katika kituo kidogo karibu na pwani, vyumba vitatu na friji moja la gesi. Mkubwa wangu alikuwa Bi Rukia, Mungu amrehemu, mwanamke mwembamba, mkali, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Kwa ajili ya vidole hivyo hakuweza tena kushika bomba la sindano vizuri, ndiyo maana mimi, mgeni kabisa, nikawa mdungaji mkuu. Yeye akikaa kwenye kiti akinitizama. Wallahi, macho yake yalikuwa yanauma kuliko sindano.

Siku ya kwanza kaniuliza, "Kinga ya mwili ni nini?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa chuoni: seli nyeupe, kingamwili, kila kitu, mpaka pumzi zikaniishia. Kanisikiliza mpaka mwisho. "Haya, vizuri. Sasa nambie miye niliyetoka kuvuna mwani, miguu yangu ina mchanga na mtoto analia mgongoni."

Nikaanza tena na seli nyeupe, akainua kidole kunikatisha. 

Ndipo akanipa jibu lake, na mimi nakupeni nyie bure. Msimu wa karafuu mwenye shamba huweka mlinzi. Mlinzi mgeni hamjui mwizi, na mpaka aje amjue, karafuu zishakwenda. Lakini ukimwonesha mapema kanzu ya mwizi, kanzu tupu, mwizi mwenyewe hayumo ndani, basi siku mwizi akija nayo, mlinzi anamtambua akiwa mbali na anapiga kelele. Chanjo ni ile kanzu. Mlinzi ni kinga yako. Ukimweleza hivyo mama yeyote wa Mtambile au Konde anakuelewa, maana karafuu anazijua.

Na mfano ule ulikuwa na mikono mirefu. Mtoto akila kamba akavimba midomo na mwili ukamtoka vipele, tunasema ana mzio. Nini mzio? Mlinzi kampiga mgeni aliyekuja kwa heri na mkate wake. Mwenye pumu naye mara nyingi ni hivyo hivyo, vumbi kidogo tu, mlinzi kapandisha hasira na njia ya pumzi inabana. Siku moja nikamuuliza Bi Rukia, "Na baridi yabisi je? Watu wanasema inatokana na kukoga maji ya baridi." Akaninyoshea vidole vyake vilivyopinda. "Huyu mlinzi wangu anampiga mwenye shamba," akasema, akacheka peke yake. Lakini tafadhali, si kila anayeumwa goti ana baridi yabisi. Mwengine kanenepa tu, mwambieni ukweli kwa adabu.

Sasa nikuleteeni Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mjane, anavuna mwani, na marehemu mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki. Mtaa wao wote ulikuwa ukimsikiliza yeye. Akisema leo hatuendi pwani, hakuna mwanamke anayekwenda. Na Bi Mize chanjo alikuwa haitaki kuisikia. Mwanawe wa kwanza aliwahi kudungwa sindano ya paja, pakaota jipu, mtoto akalazwa wiki mbili. Tangu hapo kaapa, hakuna mjukuu wake atakayedungwa. Nilipiga hodi kwake mara saba. Mara zote saba nilikaribishwa, nikapewa maji ya kunywa, nikaulizwa hali ya wazee wangu, nikaambiwa kwaheri. Nikitoka pale natamani kulia kwa hasira.

Mara ya nane alikuja yeye kituoni, anachechemea. Alikuwa amechomwa na mwiba wa baharini unyayoni, na kwenye kinena pameota uvimbe kama kokwa ya embe. Anaogopa, anasema amepigwa na kitu. Nikamwambia, "Bi Mize, huu ni mtoki. Mguu una uchafu ndani, na hapa kwenye tezi ndipo walinzi wako wanapokutana. Wamejaa, ndiyo maana pamevimba. Hawajakuacha, wanakupigania." Nikamtoa mwiba, nikamsafisha, nikampa dawa, nikamweleza na habari ya karafuu na kanzu.  Baada ya siku chache mtoki ukanywea.

Wiki ile ile akaleta salamu: mjukuu wake mchanga, Riziki, yuko tayari. Mmoja tu huyo, wale watatu wakubwa hapana. Na tuje sisi, yeye hatokuja. Lo! Nilirukaruka ndani ya kituo kama mwendawazimu. Maana Bi Mize akikubali, mtaa mzima umekubali.

Siku ya kwenda, balaa. Friji letu lilikuwa linapoza lakini haligandishi, gesi ilikuwa inakaribia kwisha. Zile pakiti za barafu za kuweka ndani ya sanduku la chanjo zimebaki maji matupu. Bi Rukia alikuwa ameitwa Wete kwenye mkutano. Nikasema, siahirishi, Bi Mize akibadilisha mawazo nimekwisha. Nikaenda Konde kwa wauza samaki nikanunua barafu, nikaiponda, nikaijaza sanduku mpaka juu. Muuza barafu akanitizama, akasema, "Dada, mwendo wako mrefu. Tia chumvi, baridi yake itakuuma mkono."

Nami nikatia chumvi. Konzi mbili. Nikajiona nina akili kuliko chuo kizima.

Siku hiyo nilichanja watoto kumi na tisa. Uwanja wa Bi Mize ulijaa kama kuna harusi. Riziki alikuwa wa kwanza, kalia kidogo, kanyamaza. Ile sindano ya paja, mnaijua, siku zile ikikinga magonjwa matatu: dondakoo, kifaduro na pepopunda. Kichupa kimoja kilipotoka sandukuni niliona ndani yake kitu kama kipande cha barafu. Nikakifumbata kiganjani mpaka kikayeyuka, nikaendelea. Nakumbuka vizuri kabisa. Nilikiona, na nikaendelea.

Asubuhi yake Bi Rukia karudi. Nikamsimulia kwa furaha, watoto kumi na tisa, Bi Mize kakubali, barafu imedumu mpaka alasiri. "Niliitia chumvi," nikasema, nikingoja sifa.

Akaweka kikombe chini. "Umefanya nini?"

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisimama akachukua kichupa kimoja kilichobaki ndani ya friji siku ile, na kimoja nilichorudi nacho. Akaniambia nivitikise vyote viwili kwa nguvu, kisha niviweke mezani nisiviguse. Tukakaa tunavitizama. Kile cha friji kikabaki na rangi yake ya maziwa. Kile changu, taratibu, kikaanza kuachana: maji maangavu juu, na chini yake machicha. Ikapita nusu saa, cha friji bado kama kilivyo, changu kimeshatuama kabisa.

"Barafu peke yake isingekifikisha hapa kwa urahisi," akasema Bi Rukia. "Chumvi ndiyo inayoishusha baridi mpaka inagandisha. Polio haijali kuganda, surua haijali. Hii ya paja ikiganda imekufa. Watoto wako umewadunga maji."

Nikamwuliza kama watadhurika. Akasema hawatodhurika, ila hawakukingwa. Na kadi zao zinasema wamekingwa. Na kwenye kijiji cha tatu kutoka pale kilikuwa kimeshasikika kikohozi cha kifaduro, kile ambacho mtoto mchanga anakohoa mpaka anakuwa buluu.

Sasa nambieni nyie mngefanya nini. Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Nikinyamaza, watoto kumi na tisa wamekaa wazi na mama zao wamelala kwa amani. Nikisema, Bi Mize atafunga mlango na hatoufungua tena, na nyuma yake milango yote. Nililia pale mezani mpaka kilemba kikalowa. Nikamwambia Bi Rukia, "Nenda weye ukawaambie. Weye wanakuheshimu."

"Tutakwenda wote," akasema. "Lakini mlangoni utasema mwenyewe."

Tukaenda siku ile ile. Bi Rukia kapiga hodi, mlango ulipofunguliwa akarudi nyuma hatua moja, nikabaki mimi mbele. Bi Mize kampakata Riziki. Nikamwamkia, nikamwuliza hali, yeye akaniuliza hali, nikaona nikiendelea na salamu jua litatua. Nikasema, "Bi Mize, ile chanjo ya jana niliiharibu. Iliganda. Riziki hana kinga. Kosa ni langu."

"Iliganda vipi?"

"Nilitia chumvi kwenye barafu."

Ala! Yule mama akanitizama toka utosi mpaka kidole cha mguu. "Chumvi? Chumvi umetia kwenye dawa ya mtoto? Marehemu mume wangu alikuwa akitia chumvi kwenye barafu akitaka samaki wawe mawe! Hata mtoto wa mchuuzi anajua!" Kisha akamtizama Riziki. "Kwa hiyo ile kanzu ya mwizi umeiozesha. Mlinzi wangu hakuona kitu."

"Hakuona kitu, Bi Mize."

"Haya. Nendeni."

Mlango ukafungwa. Tukazunguka nyumba zote zilizobaki, nikarudia maneno yale yale kila mlango. Mama mmoja alinitukana, na nilistahiki. Kila kadi nilikuwa nataka kuichana niandike mpya safi, Bi Rukia akanizuia. "Hapana. Piga mstari juu ya tarehe uliyoandika, iendelee kusomeka. Mwenye kadi aone ulipokosea." Nikapiga mstari kadi kumi na tisa.

Chanjo mpya na mtungi wa gesi vilifika kutoka Wete baada ya siku sita, na tukatangaza kwamba wiki itakayoanza tutakaa kituoni. Sikula vizuri siku zile. Siku ilipofika tulifungua mlango asubuhi na mapema. Niliziacha pakiti za barafu mezani zitoe jasho, nikaitikisa kila moja nikasikia maji yanacheza ndani, maana barafu ikianza kuyeyuka haigandishi chanjo, ndipo nikazitia sandukuni. Nikakaa. Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, hakuna mtu. Bi Rukia anasoma gazeti la zamani, anageuza kurasa ambazo ameshazisoma. Nikamwambia, "Hawaji." Akasema, "Kaa."

Saa nne kasoro nikasikia sauti ya Bi Mize kabla sijamwona. Anakuja anasema kwa nguvu na wanawake nyuma yake, na ninyi mngemsikia mngecheka: anawafundisha! "Barafu tupu baridi yake ina mwisho. Ukitia chumvi inazidi, ndiyo samaki anakuwa jiwe. Dawa hii haitaki kuwa jiwe. Huyu mtoto wa watu hakujua, si mchuuzi." Nikahesabu vichwa. Kumi na tisa wote. Na nyuma ya Riziki, wameshikana mikono, wajukuu wake watatu wakubwa ambao hawajawahi kudungwa chochote maishani mwao.

 Bi Mize akakaa, akamfunua Riziki paja. Akanishika mkono wenye sindano kabla sijadunga.

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna, Bi Mize."

"Hakuna," akasema, akauachia mkono wangu. "Haya, dunga, Bi Chumvi."

Wanawake wakaangua kicheko, na jina likaniganda siku ile ile. Kifaduro kilifika mtaani kwao baadaye, wakakohoa watu wazima wawili watatu. Riziki na wenzake walikuwa wameshamaliza dozi zao zote, na hakuna hata mmoja aliyelazwa. Usiku na mchana nilikuwa nikimshukuru Mungu.

Miaka ikenda. Mambo yamebadilika, na nafurahi, msinione mzee wa kulilia ya kale. Sasa mna mafriji ya jua yasiyojua gesi imekwisha. Mna vidude vya kupima joto vinavyoandika vyenyewe usiku kucha, na vyengine vinavyokuoneshea alama kama chanjo imeganda. Mama akiwa ndani ya arubaini yake mnamfuata nyumbani, mtoto apate ile ya kifua kikuu mapema, hamngoji atoke. Hayo yote mazuri. Lakini kidude hakisemi badala yako. Kidude kinawasha taa, mlangoni unakwenda weye.

Basi nije kwenye siku yangu ya mwisho kazini. Wenzangu walipika biriani, wakanipa doti mbili za kanga, wakanitia mashada mpaka shingo ikauma. Aliyekuwa anapokea nafasi yangu ni msichana mmoja, Hidaya, kijana hodari, sindano yake nyepesi, kitabu chake safi. Nilikuwa nampenda, ila alikuwa na ukimya fulani wiki ile, nikadhani ananionea huzuni mimi. Kumbe, kujipenda kwangu.

Mchana huo akaja Bi Mize. Kazeeka, jicho moja halioni, anashikwa mkono na Riziki. Riziki huyo huyo, mama mtu sasa, ana mwanawe wa wiki sita. Tukakumbatiana, akanitania kama kawaida, "Leo umetia chumvi?" Nikamwambia, "Leo sitii chochote, Bi Mize. Mimi naondoka. Atakayemchanja kitukuu chako ni Hidaya huyu."

Bi Mize akamgeukia Hidaya na lile jicho lake linaloona. "Mwanangu, umeshawahi kukosea kazi hii?"

Hidaya akatabasamu vizuri, kama anafanyiwa mahojiano. "Hapana, bibi. Sijawahi."

Bi Mize akamwambia Riziki, "Mchukue mtoto. Twende zetu."

Watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Riziki kashainuka na mtoto, kafika mlangoni. Nikamtizama Hidaya, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Akasema, polepole, "Bibi, ngoja."

Wakangoja.

"Wiki iliyopita niliwachanja pacha. Hassan na Hussein. Watoto wengi, mama anawabadilisha mikononi. Nilipokuja kuandika daftari jioni ndipo nikakumbuka kile kidoa cheusi alichozaliwa nacho Hassan kwenye paja. Nimekiona mara mbili. Hassan nimemdunga mara mbili. Hussein sikumdunga." Machozi yakamtoka. "Sijamwambia mtu."

Biriani likawa linapoa. Bi Mize akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Unapajua wanapokaa?"

"Napajua, bibi."

"Basi mchanje huyu wetu, kisha uende." Akamrudisha Riziki kwa mkono, akakaa, akafunua mwenyewe paja la kile kitoto.

Hidaya alidunga, na sindano ikenda sawa. Alipomaliza akanigeukia. Nilijua atasema nini kabla hajasema, maana niliwahi kuyasema mimi kwenye meza ile ile. "Bi Zuwena, tafadhali, nenda weye ukawaambie. Weye wanakuheshimu."

Nikavua mashada, nikayaweka kwenye kiti. Nikachukua sanduku la chanjo, nikatikisa pakiti ya barafu sikioni, maji yanacheza. Tukatoka. Hassan nilijua hatopata dhara, tungemtizama tu. Hussein ndiye aliyekuwa akitungoja bila kujua.  Tulipofika nikapiga hodi mimi. Nikasikia kitasa kinageuka, na mtoto mmoja analia ndani.

Mama yao alipofungua mlango, nikarudi nyuma hatua moja.